Mwandiko wa Mtu Mmoja

Firdausi Hilali alipopata kazi katika Mradi wa Mikono Karibu, baba yake alimweleza kila mteja aliyeingia dukani. Mzee Hilali aliuza vitenge, sabuni na mchele jirani na stendi ya Kasulu, na binti huyu ndiye wa kwanza katika ukoo kusoma chuo kikuu. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

"Yuko kwenye utafiti," mzee alikuwa akisema huku akipima mchele. "Hao ndio wanaoamua wauguzi waende wapi."

Haikuwa kweli kwamba Firdausi ndiye aliyeamua, lakini haikuwa mbali na kweli. Mradi ulikuwa umeajiri wauguzi ishirini waliotoka vyuoni, nao ulitaka kuwapeleka kwenye zahanati za vijijini zenye upungufu mkubwa wa watumishi. Kwanza zahanati arobaini za Kasulu na Kibondo zichunguzwe, ijulikane kila moja ina watu wangapi na inahudumia wangapi. Kompyuta ingezipanga kuanzia yenye shida kubwa hadi yenye nafuu, na ishirini za juu zingepata muuguzi. Ulikuwa mpango mzuri. Firdausi aliuamini, na hadi leo anasema mpango wenyewe haukuwa na kosa.

Alipewa zahanati kumi, sita upande wa Titye na nne upande wa Kitahana. Mwezi wa tisa mwaka 2013 alipanda pikipiki ya Saady, dereva ambaye mradi ulimkodi, wakaenda zahanati ya Rubogora. Walifika saa nne asubuhi wakiwa wekundu kwa vumbi. Kina mama walijaa kwenye mabenchi ya barazani, wengine wamekaa chini, watoto wakilia kwa kupokezana. Ndani kulikuwa na mwanamume mmoja wa makamo, amekunja mikono ya koti jeupe, kalamu ameifunga kwa uzi kwenye kifungo ili isimpotee. Alimpima mtoto uzito, akaandika. Akaenda chumba cha pili kumchoma mwingine chanjo, akarudi, akaandika. Akatoa dawa dirishani, akaandika. Kila alipopita mbele ya Firdausi alisema, "Nivumilie kidogo, dada."

Alimvumilia hadi saa tisa alasiri, mama wa mwisho alipoondoka.

"Mwakeye," yule mwanamume alisema, akamsalimia Kiha kama asubuhi ndiyo kwanza inaanza, kisha akacheka mwenyewe. "Mimi ni Makarius. Ndiye mganga mfawidhi, ndiye muuguzi, na ndiye anayefagia."

"Wenzako wako wapi?"

Makarius alihesabu kwa vidole bila kinyongo. Muuguzi mmoja alikwenda masomoni mwezi wa saba mwaka jana. Wa pili alihama mwezi huohuo kumfuata mumewe Mwanza. Wa tatu, mhudumu mzee aliyeitwa Anaklet, alifariki wiki mbili baadaye. "Kaburi lake lile pale, nyuma ya kanisa. Miezi kumi na minne niko peke yangu. Nimeandika barua nne."

Firdausi alifungua simu ya mradi iliyokuwa na dodoso. Swali la sita liliuliza idadi ya watumishi wa kituo. Akaandika moja. Kioo kikawa chekundu: *Jibu haliwiani na orodha. Sahihisha.* Orodha ilikuwa imeingizwa humo tangu Kasulu, na kwenye orodha Rubogora ilikuwa na watumishi wanne. Akaandika moja tena. Kikawa chekundu tena, na swali la saba likakataa kufunguka.

Mtandao ulipatikana nyuma ya choo tu, karibu na shimo la kuchomea taka. Alisimama hapo akampigia Gharibu, msimamizi wake.

"Dada Firdausi, orodha imetoka juu," Gharibu alisema kwa upole, kama kawaida yake. "Sisi hatubishani na orodha. Weka nne uendelee. Hayo mengine yaandike kwenye nafasi ya maoni, mwisho kabisa."

Akaweka nne. Kwenye nafasi ya maoni akaandika mistari mitatu, akieleza nani yuko masomoni, nani amehama na nani amekufa. Makarius alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Umeandika niko peke yangu?"

"Nimeandika, daktari."

"Asante," alisema Makarius, na Firdausi aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka kwa faraja.

Rubogora hakukuwa na nyumba ya wageni, hivyo siku hiyo alilala kwa Skolastika, mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji, ambaye nyumba yake ilitazamana na zahanati. Skolastika alimpikia ugali wa muhogo na maharage, akamwandalia kitanda chake mwenyewe, yeye akalala na wanawe. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Wawili wa kwanza nilizalia humu ndani, na mama mkwe," alisema wakati wa chakula, akaelekeza kidevu kwenye bati la zahanati. "Huyu nitamzalia pale. Mmetuimbia miaka mingi kwamba tusizalie nyumbani. Basi nimewasikia."

Mwezi wa kumi na moja matokeo yakasomwa kwenye ofisi ya mradi mjini Kasulu. Isihaka, meneja wa mradi, alikuwa mtu nadhifu aliyezungumza haraka na kupenda asilimia. Alionyesha ukutani majina ya zahanati ishirini zitakazopata muuguzi. Rubogora haikuwemo. Ilikuwa ya thelathini na tatu, na mbele yake pameandikwa *inatosha*. Nyaruhande ya Kitahana, ambako Firdausi alimkuta nesi mmoja anayeitwa Benita akizalisha huku foleni ikimsubiri nje, nayo ilikuwa *inatosha*. Katika zahanati kumi alizozitembelea, sita zilikuwa *zinatosha*. Wakati huohuo zahanati mbili za kando ya barabara kuu, zenye watu watatu kila moja, zilikuwa zimepata muuguzi wa nne.

Firdausi alinyoosha mkono. "Samahani, bwana Isihaka. Rubogora kuna mtu mmoja tu. Niliandika kwenye maoni."

Isihaka alimgeukia Gharibu. Gharibu alikohoa. "Maoni hayachakatwi," akasema. "Mashine inasoma namba, haisomi maneno. Zahanati arobaini, nani atakaa asome maneno?"

"Mimi nitakaa nisome."

"Dada, tukifungua kwa moja tutafungua kwa zote," Isihaka alisema. "Zoezi limefungwa. Taarifa imekwishatumwa. Mwakani tutaliboresha dodoso."

Firdausi alikaa. Baadaye, katika yote yaliyotokea, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikaa, akanywa soda iliyogawiwa, akapiga picha ya pamoja na wenzake.

Siku moja mwishoni mwa mwezi wa pili mwaka 2014, Firdausi alikuwa dukani akimsaidia baba yake kupanga vitenge, Makarius akaingia. Alikuwa amevaa shati la kutokea, mfuko wa taarifa za mwezi begani. Mzee Hilali alimpa kiti na chai. Makarius alikishika kikombe lakini hakunywa.

"Skolastika amepoteza mtoto," alisema.

Alieleza polepole, akifuata siku na saa kama anayejaza kitabu. Jumanne tarehe kumi na moja gesi ya friji la chanjo iliisha. Chanjo za watoto wa vijiji vitatu zilikuwa humo, na bila gesi zingeharibika kabla ya siku mbili. Kama angekuwepo mtu wa pili, mmoja angebaki. Hakuwepo. Alifunga mlango saa moja asubuhi akafunga mtungi kwenye pikipiki, akaenda Kasulu. Saa nne Skolastika akafika na uchungu, wiki mbili kabla ya siku alizohesabiwa. Akakuta kufuli. Kina mama waliokuwa barazani walishika khanga kumzungushia, akazaa hapohapo juu ya saruji. Mtoto wa kike. Hakulia.

"Kile kifuko cha kumpulizia mtoto hewa kilikuwa ndani, kimening'inia ukutani," Makarius alisema. "Kutoka pale barazani ni hatua kumi. Nimezipima."

Mzee Hilali aliinamisha kichwa, akatamka maneno ya kuomba rehema. Firdausi alikuwa ameshika kitenge, akabaki amekishika.

"Sikuja kukugombeza, dada yangu. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Yale maoni uliyoandika yalikwenda wapi?"

"Hayakusomwa."

"Na ile nne?"

"Ile ilisomwa."

Makarius alitikisa kichwa mara mbili, akaweka kikombe chini, akamshukuru mzee kwa chai ambayo hakuinywa. Alipotoka, Firdausi alipatwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo alijielekezea mwenyewe. Vidole vyake ndivyo vilivyobonyeza ile nne.

Aliomba likizo ya siku kumi na nne, akapewa bila kuulizwa anakwenda wapi.

Alianza Rubogora. Skolastika alikuwa uani anapukuchua maharage, matiti yamefungwa kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Firdausi alimpa pole, wakapukuchua pamoja. Mwishowe alimweleza kila kitu, kuanzia namba aliyoandika hadi maoni yasiyosomwa na orodha ya Kasulu. Hakuficha lolote.

"Kwa hiyo mlituambia tuje pale," Skolastika alisema, "na mlikuwa hamjui kama kuna mtu."

"Tulikuwa tunajua. Tulikataa kuandika."

"Ego," alisema Skolastika, akiitikia kwa Kiha. "Hiyo ni mbaya zaidi."

"Nataka kulipeleka jambo hili mbele ya wakubwa. Utaniruhusu nieleze yaliyokupata?"

Skolastika alifikiri. "Yaeleze. Jina langu usilitaje. Wala usinipeleke huko wanione nikilia. Mimi si maonyesho."

Makarius alimfungulia vitabu. Firdausi aliketi kwenye meza ya zahanati, akafungua kitabu cha waliojifungua ili aone mstari wa tarehe kumi na moja. Aliuona: *amejifungulia barazani, mtoto hakupumua.* Mwandiko ulikuwa wa Makarius, saba yake ikiwa na kistari katikati, mkia wa herufi g umepinda kama ndoano. Akarudisha ukurasa nyuma. Saba yenye kistari. Akarudisha mwingine. Mkia wa ndoano. Alirudi nyuma kurasa kwa kurasa, mwezi kwa mwezi, ukawa mwandiko uleule hadi Agosti 2012. Alipoingia Julai, ghafla ikatokea miandiko mingine: mmoja wa duara, mmoja mwembamba wa wino mwekundu, na mmoja wa herufi kubwa zinazotetemeka, ambao bila shaka ulikuwa wa marehemu Anaklet.

Akafungua kitabu cha watoto. Vivyo hivyo. Kitabu cha wajawazito, kitabu cha dawa, kitabu cha wagonjwa wa nje. Miezi mingi mno, na vitabu vyote vitano vimeandikwa na mkono mmoja.

Alikaa akivitazama. Ushahidi ulikuwa umelala mezani muda wote huo. Kila mwezi majumlisho ya vitabu hivi yalipelekwa mjini, na hakuna aliyewahi kuuliza inawezekanaje watumishi wanne wawe na mwandiko mmoja. Kisha akaona jingine. Kulikuwa na siku za kazi ambazo hazikuandikwa mgonjwa hata mmoja. Alizihesabu, zikawa thelathini na moja. Makarius alizitazama, akazikumbuka karibu zote: siku ya gesi, siku ya kupeleka taarifa, siku ya kufuata dawa, siku tatu za semina, siku mbili alizougua malaria mwenyewe.

"Siku ya kupeleka taarifa?" Firdausi aliuliza. "Unafunga zahanati ili upeleke taarifa ya zahanati?"

"Isipofika tarehe saba naandikiwa barua ya onyo," alisema Makarius. "Hizo barua huwa zinafika."

Kwa siku kumi na mbili zilizobaki alizunguka nyingine tano zilizoandikwa *zinatosha*, bila kutoa taarifa. Kila alipofika alimweleza mfawidhi anachotaka na kuomba ruhusa. Alikata vipande vya boksi la biskuti, akafunika kwavyo majina ya wagonjwa, akapiga picha mwandiko na tarehe tu. Mvua ilikuwa imeanza, pikipiki ya Saady ikazama mara mbili kwenye tope la kuelekea Kitahana, wakaisukuma. Saady alikataa kuachwa nyuma. Mkewe alikuwa mjamzito.

Kati ya zile sita, tano zilikuwa na mwandiko mmoja. Kule Nyaruhande mwandiko uliinama upande wa kushoto kwa miezi kumi na saba mfululizo. Ulikuwa wa Benita, yule nesi, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Siku zake zilizokuwa tupu zilifika arobaini na nne.

Firdausi aliporudi kazini alimwekea Gharibu picha hizo mezani. Gharibu alizitazama moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na mradi huo ndio uliokuwa ukiwasomesha.

"Ukiyaonyesha haya utanimaliza na mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia uweke nne."

"Na mimi ndiye niliyeiweka. Nitayasema yote mawili."

Gharibu alizikusanya picha, akazisawazisha kama karata, akamrudishia. Siku mbili baadaye alimwita. "Kikao cha nusu mwaka kitakuwa Kibondo mwezi wa sita. Wafadhili watakuwepo. Nimekuweka kwenye ratiba, dakika kumi, 'uzoefu wa wakusanya takwimu'. Usiniambie unakwenda kusema nini."

Ukumbi wa Kibondo ulikuwa na mapazia ya bluu na maji ya chupa mbele ya kila mtu. Isihaka alizungumza saa nzima. Mradi umefikia malengo kwa asilimia tisini na moja, alisema, na upangaji wa wauguzi umefanywa kwa kufuata takwimu na si upendeleo. Watu wakapiga makofi. Wageni waliotoka kwa wafadhili wakaandika.

Zamu ya Firdausi ilipofika, alikwenda mbele na picha zake. Hakuanza na salamu ndefu. Alionyesha ukutani orodha ya Rubogora, watumishi wanne. Chini yake akaweka kurasa za vitabu, mwezi baada ya mwezi. Akawaomba watazame ile saba.

"Wanne hawa wote wanaandika saba ya namna moja," alisema. "Mmoja wao ana kaburi nyuma ya kanisa tangu Agosti 2012. Mwezi wa tisa mwaka jana nilifika pale nikamkuta mtu mmoja. Mashine ilikataa niandike mmoja, nikaandika wanne, kwa sababu niliambiwa, na kwa sababu nilikubali. Namba hiyo ya uongo niliyoiandika ndiyo iliyofanya Rubogora iandikwe *inatosha*. Mwezi wa pili mganga alifuata gesi ya chanjo. Mama aliyekuja kujifungua alikuta kufuli. Mtoto wake alifia barazani, hatua kumi kutoka kwenye kifaa cha kumsaidia kupumua."

Akaweka kurasa za zahanati nyingine nne, na hesabu ya siku tupu za kila moja.

Isihaka alisimama kabla Firdausi hajamaliza. "Ndugu wajumbe, naomba tuwe makini. Takwimu zilizokusanywa nje ya utaratibu si takwimu. Dada huyu alikuwa likizo. Hana idhini ya kupiga picha nyaraka za wagonjwa."

"Hakuna jina hata moja la mgonjwa kwenye picha hizi," alisema Firdausi. "Na wafadhili wa vituo wamenipa ruhusa." Akajisahihisha, "Wafawidhi wa vituo." Mtu mmoja alicheka nyuma. Firdausi hakucheka.

Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyezungumza Kiswahili cha taratibu, aliinua kalamu. "Hii inasikitisha sana. Inawezekana tukampata huyo mama? Tukamsikia mwenyewe, labda na picha? Ingesaidia watu kuelewa."

Firdausi alimgeukia yule mgeni.

"Hapana, mama. Hatakuja. Alikataa, na mimi nisingemleta hata angekubali. Mlipoambiwa wanne hamkuomba kuwaona wale wanne. Mliamini namba kwa sababu ilikuwa namba. Sasa nimewaletea namba nyingine, pamoja na tarehe zake na vitabu vyake, mnataka kwanza mwone machozi. Mtu amezaa juu ya saruji kwa sababu yetu, halafu aje Kibondo kutuelimisha?"

Mgeni alishusha kalamu. Isihaka alifungua kinywa, lakini mwanamke mmoja mnene aliyevaa sare ya unesi alikuwa ameshasimama safu ya nyuma. Alikuwa Benita. Wafawidhi wachache walikuwa wamealikwa kuwakilisha wenzao, naye alikuwa mmoja wao.

"Huo mwandiko uliolalia kushoto ni wangu," alisema. "Naitwa Benita, natoka Nyaruhande. Mkitaka niandike hapa mbele yenu mhakikishe, nitaandika. Na kwa taarifa yenu, siku tupu zimekuwa arobaini na tano. Leo zahanati imefungwa, kwa sababu mmeniita nije niwasikilize."

Akakaa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kwa muda, kisha yakapungua kasi. Wageni walitaka uhakiki, na hawakutaka usubiri mwakani. Mwezi wa saba watu wapya walitumwa zahanati zote arobaini bila kutoa taarifa, mara tatu kila moja, wakihesabu watu kwa macho na kulinganisha miandiko kwenye vitabu. Zahanati kumi na moja zilionekana kuwa na mtu mmoja huku orodha ikisema watatu au wanne. Mwezi wa kumi wauguzi wanane walihamishwa kutoka kwenye vituo vya kando ya barabara. Rubogora alipelekwa Twalibu, muuguzi kijana kutoka Tanga, ambaye wiki ya kwanza alilalamikia baridi na wiki ya pili akazalisha watoto wanne. Makarius alichukua likizo yake ya kwanza baada ya miaka miwili na miezi mitatu. Alilala siku tatu mfululizo, mkewe akadhani anaumwa.

Zahanati tatu hazikupata mtu. Nyaruhande ilikuwa mojawapo. Zilisubirishwa awamu ya pili.

Mwezi wa kumi na mbili mkataba wa Firdausi uliisha, naye akaambiwa kwa barua fupi kwamba mahitaji ya mradi yamebadilika. Gharibu alibaki, akahamishiwa stoo. Isihaka alikwenda Dar es Salaam kuwasilisha, kwenye mkutano mkubwa, mbinu mpya ya mradi ya kugundua upungufu wa watumishi kwa kutumia miandiko ya vitabu. Gharibu ndiye aliyemtumia Firdausi taarifa ya mbinu hiyo. Ilikuwa na kurasa sitini na mbili na jalada la rangi. Mbinu iliitwa ubunifu. Jina lake halikuwemo, na hilo lilimkera kidogo tu. Kilichomfanya asimame dukani kwa baba yake asome upya, kidole kikifuata mstari, kilikuwa kwenye ukurasa wa arobaini: *Mwanzoni kulikuwa na changamoto ndogo za uhakika wa takwimu, ambazo zilirekebishwa.*

"Wamekuandika?" Mzee Hilali aliuliza kutoka kwenye mzani.

"Hapana, baba. Wamemwandika mtoto wa Skolastika."

"Wamesema nini?"

"Changamoto ndogo."

Mzee aliacha kupima. Mteja aliyekuwa anasubiri mchele aliwatazama wote wawili, asielewe.

Mwezi wa tano mwaka 2015, Warundi walipoanza kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa maelfu, Firdausi alipata kazi kambini, kwenye shirika lililohitaji watu wa kuandikisha wagonjwa. Siku ya kwanza alimwambia mkuu wake mpya kwamba hatajaza namba ambayo hajaiona kwa macho, na kama hilo halifai aambiwe mapema. Aliambiwa linafaa.

Jumamosi hakuwa na kazi. Jumamosi ya kwanza alimwandikia Isihaka barua kuhusu zahanati tatu zilizobaki. Hakujibiwa. Aliandika ya pili, nakala kwa yule mgeni mwenye Kiswahili cha taratibu. Alijibiwa na mtu mwingine kwamba suala linafanyiwa kazi. Mwezi wa nane alipanda basi hadi Kibondo, akakutana na Benita aliyekuja kuchukua dawa, vitabu vya zahanati yake amevibeba kwenye mfuko, na kwa kuwa zahanati ilikuwa imefungwa siku hiyo hata hivyo, wakaenda pamoja hadi kwenye tawi la ofisi ya mradi pale Kibondo. Dada wa mapokezi aliwaambia meneja yuko safarini, atarudi wiki ijayo au inayofuata.

"Tuna vitabu vyote vitano hapa," alisema Firdausi, akaviweka juu ya kaunta. "Tunaomba mtu yeyote anayejua kusoma."